Namwonea huruma Binetou

SWALI: Shikamoo Bibi. Nikiwa kidato cha 6 nilisoma Barua Ndefu Kama Hii ya Mariama Bâ, nikamchukia sana Binetou, mke mdogo. Juzi nimeirudia, na sasa nina binti wa miaka 17. Safari hii nimemlilia. Je, zamani nilisoma vibaya?
Mama Zuhura, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Hukusoma vibaya, ulikuwa rika lake tu. Mimi nilikirudia kitabu hicho nikiwa eda, miezi 4 na siku 10, kama Ramatoulaye mwenyewe, mke mkubwa anayeiandika barua hiyo. Nilidhani nitalilia ndoa yake ya miaka 25 na watoto 12. Wapi! Kilichonishika ni Binetou kuachishwa shule kabla ya mtihani, mamaye akimsukuma kwa ajili ya nyumba na safari ya Makka. Nilifunga kitabu nikakaa kimya mpaka adhana ya alasiri. Mwandishi aliyaweka hayo wazi tangu 1979, nasi tukayapita mbio kumfuata mume. Sasa mpe Zuhura nakala yako, hata kama ina machozi. Kisha muulize yeye anamwonaje Daba, binti wa Ramatoulaye na rafiki wa Binetou darasani.