Makro za Vim: rekodi, tumia, tupa

Ndugu, umeuliza kama kuna faida kukaa wikendi nzima ukiandaa makro (vitufe unavyovirekodi ili vijirudie vyenyewe) za edita yako ili uandike programu kwa kasi. Kwangu mimi, usiandae hata moja kabla hujaihitaji. Vim, edita ya maandishi inayoendeshwa kwa vitufe, naitumia kazini kila siku, na makro ninazorekodi karibu zote zinaishia palepale zilipozaliwa.

Chukua orodha ya kaunti 47 za Kenya, kila mstari una namba na jina: `001,Mombasa`, `002,Kwale`, mpaka `047,Nairobi`. Unataka kuziingiza kwenye hifadhidata, kwa hiyo kila mstari lazima uwe `('001', 'Mombasa'),`. Kaa mstari wa kwanza, bonyeza `qa` kuanza kurekodi kwenye rejista a (kisanduku cha kumbukumbu cha Vim), halafu:

`0f,` `s', '` Esc `I('` Esc `A'),` Esc `j` `q`

Yaani: nenda kwenye koma, ibadilishe iwe `', '`, weka `('` mwanzoni na `'),` mwishoni, shuka mstari, kisha `q` inamaliza kurekodi. Sasa andika `46@a`, yaani rudia makro ya a mara 46, na mistari yote iliyobaki inajipanga yenyewe.

Watu huona ule urahisi wa mwisho, lakini kazi yenyewe iko kwenye kuchagua mwendo, yaani amri ya kusogeza kishale. Kwa nini `A`, inayokwenda mwisho wa mstari, na si `e`, inayokwenda mwisho wa neno? Kwa Mombasa zote mbili ni sawa. Ukifika Tana River, `e` inakufungia jina katikati. Tharaka-Nithi vilevile, Elgeyo-Marakwet vilevile. Makro haijui kwamba hilo ni jina la kaunti, inajua tu vitufe ulivyobonyeza. Kabla ya kurekodi, pitisha macho kwenye mistari yenye sura mbaya kuliko yote, si ule wa kwanza.

Na kuna Murang'a. Ile alama ya king'ong'o itaivunja amri yako ya SQL (lugha ya hifadhidata), kwa hiyo tanguliza `:%s/'/''/g`, inayoigeuza kila alama hiyo kuwa mbili. Tanguliza kweli, maana ukiipiga baada ya makro itazidisha hata zile alama ulizoweka mwenyewe.

Angalia pia kwamba nimeanza na `0f,`. Hiyo ni bawabu. Vim isipoona koma, makro inasimama hapo hapo kabla haijagusa kitu, na marudio yaliyobaki yanafutwa. Mimi napenda isimame, kwa sababu inanionyesha mstari mbovu uko wapi. Ukitaka iuruke na kuendelea, tumia `:2,$normal @a`, ambapo kila mstari unashughulikiwa peke yake.

Kuhusu kuhifadhi: makro ikianza kukurudia kila wiki, hapo iweke kwenye `.vimrc`, faili la mipangilio ya Vim, kwa mfano `let @k = "0f,s', '\<Esc>I('\<Esc>A'),\<Esc>j"`. Zangu za kudumu zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. (Mkiwa ndani ya Vim, andikeni `:help uganda`. Bram Moolenaar, aliyeitoa mwaka 1991 na kufariki 2023, aliomba wanaoipenda wachangie watoto wa Kibaale, kusini mwa Uganda. Programu inayotumika dunia nzima, na ukiifungua bila faili inakutajia jirani zetu.)

Kwa anayetumia edita ya VS Code: haina kinasa makro chake yenyewe. Weka kiendelezi cha Vim upate `q`, au zoea Ctrl+D ya kuchagua neno linalofuata lililo sawa na ulilochagua. Kwa mabadiliko ya mistari mitano sita hiyo inatosha kabisa. Edita ya Notepad++ inacho kinasa makro kwenye menyu, na unaweza kuiambia irudie mara ngapi.

Pale ambapo sikushauri makro ni kwenye msimbo wenyewe. Ukijikuta unarekodi ili kunakili mistari kumi ileile ukibadilisha jina tu, acha, andika funksheni. La sivyo unasambaza uchafu kwa kasi, na siku ya kurekebisha utausaka faili kwa faili.

Ukikosea kitufe kimoja katikati, usirekodi upya. Nenda mstari mtupu, bandika makro kwa `"ap`, irekebishe kama maandishi ya kawaida, kisha uirudishe kwa `0"ay$`. Usitumie `yy` hapo, kwani inabeba na mwisho wa mstari, na Vim itauhesabu kama umebonyeza Enter, kishale kiruke mstari mmoja zaidi.