Majini, mazimwi na mjusi wa Tendaguru: majibu kwa wasomaji

SWALI: Shikamoo dada. Mi ni kijana wa Lindi mjini, fomu foo nimemaliza mwaka jana. Toka mdogo napenda stori za majini, mazimwi, watu wanaopaa, bibi alikuwa anatuhadithia usiku huku tunabangua korosho na silali mpaka ziishe. Sasa nimeanza riwaya yangu, ina wafalme, ngome, theluji na majoka, nimefika ukurasa wa 40 nimekwama. Mama anasema hayo mambo ya kitoto nikatafute kazi. Hivi kweli naweza kuwa mwandishi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Unaweza. Mtoto anayekesha kumsikiliza bibi anajifunza vitu bila kujua kama anajifunza, wapi bibi ananyamaza, wapi anarudia, zimwi analitoa mapema au analichelewesha mpaka mnaanza kusogeleana. Ila zimwi la bibi lilikuwa na masharti bwana, ukigeuka nyuma unaliwa, ukilitaja jina linakuja. Ya kwako majoka nahisi yanaweza kila kitu, ndo maana umekwama, maana kiumbe anayeweza kila kitu hana cha kuhangaikia na msomaji naye hana cha kuogopa.

Halafu theluji! Theluji umeiona wapi wewe? Sikukatazi, ila hapo hapo mkoani kwenu, Tendaguru, Wajerumani walichimba mifupa ya mijusi wakubwa ajabu wa kale, wale dinosaria, kati ya 1909 na 1913, wapagazi wakaibeba kwa miguu mpaka Lindi, ikapakiwa melini ikaenda zake Ujerumani, na mmoja amesimama makumbusho ya Berlin mpaka leo, kwenda juu anapita mita 13. Sasa we ongeza sharti moja tu: mjukuu wa mpagazi akilala anamsikia yule mjusi anamwita, na kila akiitika anasahau jina la mtu mmoja wa kwao. Aitike au asiitike? Hapo unaanza kuandika.

Na Kilwa Kisiwani je? Inasimuliwa kwamba mwenyeji alikiuza kisiwa kwa mgeni kutoka Shirazi kwa nguo za kukizunguka chote, baadae akajuta, akataka kurudi na watu wake akichukue, akakuta maji yameshakatiza njia hakuna pa kuvukia. Karne na karne watu wanaisimulia na joka halimo hata moja.

Mama yako kwenye suala la kazi hajakosea, tafuta. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali enzi za mkoloni na ndo huyo huyo aliyetuandikia Kusadikika, nchi inayoelea angani, na watu wazima wanaisoma hadi leo kama kitabu cha haki na utawala. Mwambie mama hivyo kama ataendelea na neno utoto.

Zile kurasa 40 ziweke pembeni, usizichane. Andika stori fupi, kurasa tano tu, wasomee wadogo zako kwa sauti, maana hao wakiboreka wanaondoka hawakuangalii usoni, na pale walipoondokea ndo pa kurekebisha. Tuzo zipo, ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu na ile ya Safal-Cornell, zote ni za kazi za Kiswahili, ila subiri uwe na mswada kamili mkononi.

SWALI: Mwanangu ana miaka 9, tupo Masasi, kutwa anachora majini yenye mikia mitatu mpaka kwenye daftari la hesabu. Nimkataze?

JIBU: Kwenye la hesabu mkataze. Mnunulie kaunta buku lake, na akikuletea picha usimwambie tu nzuri, muulize huyo jini anakula nini, anamuogopa nani. Akianza kujibu mwambie akaandike.