Usimwage mrututu tangini! Pima amonia kwanza

Weka hiyo pakiti ya mrututu mbali na tangi, sasa hivi, halafu ndipo usome. Salamu tutapeana baadaye.

Kwa wanaoingia sasa: ndugu yetu yuko Nakuru, Section 58, na ana tangi la maji ya chumvi la lita 200. Tangu jana asubuhi samaki wake, kangaja wa buluu, anahema mbio, amejibanza juu karibu na mdomo wa pampu, hataki chakula, na mara moja moja anajisugua kwenye mawe. Aliyemuuzia samaki amemwambia kwa simu kwamba huo ni ugonjwa wa madoa meupe, aende agrovet anunue mrututu, aumwage humo humo tangini usiku huu. Ameshanunua. Anauliza vijiko vingapi. 

Vijiko ni sifuri. Na ugonjwa umeutaja wewe mwenyewe bila kujua, pale ulipoandika kwa furaha: "Tangi ni safi kabisa, juzi nilitoa sponji zote za filta nikaziosha kwa maji ya mfereji mpaka zikawa nyeupe."

Hapo ndipo samaki wako alipougua. Ule uchafu wa kahawia ulioukamua kwenye sinki ulikuwa na bakteria wanaokula amonia, ambayo ni sumu kwa samaki. Samaki anatoa amonia kwa matamvua yake kila saa, chakula kilichobaki kinaoza na kutoa amonia, na bakteria hao huigeuza kuwa naitraiti, kisha naitreti, ambayo samaki anaivumilia kwa kiasi kikubwa. Maji ya mfereji yametiwa klorini makusudi ili kuua bakteria, na klorini haichagui. Umeosha sponji zote siku moja, kwa maji ya mfereji, kwa hiyo umebaki na wale tu walioko kwenye mawe na mchanga. Siku moja au mbili baadaye samaki anaanza kuhema. Tarehe zako zinalingana kabisa na hilo, na madoa meupe hukuyataja hata mara moja. Ni muuzaji aliyeyataja, kwa simu, bila kumwona samaki!

Mimi niko Kisumu, na tangi langu la kwanza liliuawa kwa maneno hayo hayo. Kangaja anahema, napiga simu kwa aliyeniuzia, ananijibu kabla sijamaliza sentensi: "Hiyo ni madoa, weka mrututu." Hakuniuliza kama nimepima maji. Hakuniuliza tangi lina nini kingine ndani. Mtu aliyeniuzia kangaja, kamba wawili wa kusafisha, konokono na mawe ya matumbawe, wote kutoka mkononi mwake, hakukumbuka kuniambia kwamba shaba inayomsumbua kimelea ndiyo hiyo hiyo inayoua kamba na konokono. Mrututu ni salfeti ya shaba. Wakulima wanaujua kama dawa ya ukungu na ya kuoshea kwato, na hapo kwenye shamba una kazi yake. Lakini pakiti ya agrovet haikupimiwa samaki, na kijiko cha jikoni hakiwezi kupima kitu ambacho dozi yake ni miligramu 0.15 hadi 0.20 za shaba kwa lita moja ya maji. Chini ya hapo haifanyi kazi. Juu ya hapo inaweza kumuua unayemtibu.

Niliumwaga jioni. Kabla ya usiku wa manane konokono walianza kudondoka kutoka kwenye kioo, mmoja baada ya mwingine, wakatua mchangani huku nyama imening'inia nje ya gome. Asubuhi kamba wote wawili walikuwa chali, miguu imekunjwa, ile rangi nyekundu ya mgongoni imefifia kama nguo iliyofuliwa kwa jiki. Minyoo iliyoishi ndani ya mawe ilitoka ikafia juu ya mchanga. Sasa fikiria: tangi ambalo tayari lina amonia nyingi, ndani yake kumeongezwa mizoga yote hiyo inayooza kwenye maji ya nyuzi 26. Kangaja hakufa kwa kimelea. Alikufa kwa amonia, ile ile iliyomfanya aheme tangu mwanzo, safari hii ikiwa imezidishwa.

Bado sijafika kwenye hasara kubwa, na hii isome polepole. Shaba haiondoki na maji. Mawe ya matumbawe na mchanga wa baharini ni kalisiamu kaboneti, na shaba hunata humo. Unabadilisha maji, unapima, unapata sifuri, unafurahi. Kisha mawe yanaanza kuiachilia kidogo kidogo. Nilisubiri miezi, maji meupe kama kioo, nikaleta kamba mpya kwa basi kutoka Mombasa, nikamzoesha maji kwa matone. Hakuona jua la kesho yake. Muuzaji yule yule aliponisikia akaniambia kamba huyo alikuwa dhaifu, nijaribu mwingine. Akaniuzia mwingine! Naye akafa. Kiasi kidogo mno ambacho kipimo cha matone hakikioni kinatosha kumuua kamba.

Mwishowe mawe yote yalitoka. Mawe yaliyosafiri kutoka pwani yakiwa yamefungwa kwenye magazeti yaliyolowa, yaliyokuwa yameanza kuota mwani wa waridi na vijisponji vidogo vidogo kwenye mianya, yaliishia kwenye shimo la takataka nyuma ya nyumba. Mchanga pia. Nilianza tangi upya kuanzia kioo kitupu. Hiyo ndiyo bei ya kijiko kimoja, na ndiyo sababu sitaki usubiri hata dakika moja kusikia haya. Mtu anayelijibu swali la ugonjwa kwa jina la dawa kabla hajauliza amonia ni ngapi, hajui kazi au hajali, na kwa mwenye samaki yote mawili yanaleta msiba ule ule.

Kwa hiyo usiku huu pima amonia. Kama huna chupa za matone za kupimia, zitafute kabla ya dawa yoyote, azima kwa mtu, hata kwa wale wenye samaki wa maji baridi, mradi maelezo yake yaseme kinafaa maji ya chumvi pia. Amonia inapaswa kuwa sifuri kabisa. Ukiona rangi imeanza kuelekea kijani, hata miligramu 0.25 kwa lita, umempata mchawi wako.

Kabla hujapata kipimo, unao mashahidi ndani ya tangi. Umesema una kamba mmoja na konokono. Kimelea cha madoa meupe, Cryptocaryon irritans, kinashambulia samaki wenye mifupa, hakimgusi kamba wala konokono. Basi washa tochi uwatazame hao. Kama kamba anatembea, anapapasa kwa ndevu zake, anadaka chakula, basi shaka juu ya ugonjwa wa samaki inapata nguvu kidogo. Kama naye amezubaa au amepanda juu karibu na uso wa maji, na konokono wamejifungia au wanapanda kutoka majini, hapo ni maji, hakuna mjadala. Na kama samaki wote walianza kuhema siku moja kwa pamoja bila doa lolote, ni maji vilevile.

Sasa mmulike kangaja mwenyewe kutoka ubavuni, taa ya tangi ikiwa imezimwa. Madoa meupe ya kweli yanaonekana kama punje za chumvi, unaweza kuzihesabu kwenye mapezi. Ukiona vumbi laini la rangi ya dhahabu lisilohesabika, na ngozi imepoteza mng'ao, huyo ni Amyloodinium, kimelea kingine, na yeye ni hatari kuliko wote kwa sababu anaweza kumaliza samaki kwa siku chache, huyo usimngojee. Ukiona ute mzito unaobanduka, hiyo ni habari nyingine tena. Kujisugua peke yake hakuthibitishi chochote. Matamvua yanapochomwa na amonia, samaki anajisugua vilevile.

Na tuseme kweli ungeona punje za chumvi. Bado mrututu usingeingia kwenye tangi hilo. Kimelea hicho kikishashiba kwenye ngozi ya samaki kinadondoka, kinajifunga kwenye gamba gumu chini mchangani, na humo shaba haikifikii. Wala haikifikii kikiwa ndani ya ngozi. Shaba inakipata pale tu kinapoanguliwa na kuogelea kumtafuta samaki. Ndiyo maana dozi moja ya usiku mmoja haiponyeshi kitu. Kiwango kinatakiwa kishikiliwe bila kushuka kwa wiki mbili na zaidi, ukipima kila siku, kwenye chombo kisicho na mawe wala mchanga: beseni kubwa la plastiki, hita, jiwe la hewa (lile la kutoa mapovu), na vipande vya paipu vya kujifichia. Tangi kuu linabaki bila samaki hata mmoja kwa siku kama 76, kimelea kinakosa wa kumla, kinakufa chenyewe. Kamba na konokono wanaendelea kuishi humo kwa raha zao muda wote huo. Ukifika kumhamisha kangaja, mwingize kwenye chombo cha plastiki usimvue kwa wavu, maana ule mwiba wa kwenye shina la mkia unanasa kwenye nyuzi, na ukikukata kidole utaukumbuka.

Kuna mwenzetu hapo juu amekushauri uongeze maji ya Ziwa Nakuru "kwa sababu yana chumvi". Tafadhali usithubutu. Ziwa Nakuru ni la magadi, pH yake (kipimo cha uasidi na ualkali wa maji) iko karibu na 10, ilhali bahari ni kama 8.2, na kalisiamu na magnesi ya baharini humo huipati. Tena amonia inazidi kuwa sumu kadiri pH inavyopanda: kutoka 7.2 hadi 8.2 peke yake, ile sehemu yenye sumu inaongezeka karibu mara tisa. Ndiyo sababu amonia kidogo ambayo ngege angeivumilia kwenye maji baridi inamuua kangaja. Ukipandisha pH kuelekea 10, karibu amonia yote iliyomo inageuka sumu kwa mkupuo mmoja. Ushauri huo ungemuua samaki kabla ya mrututu.

Jambo jingine ambalo watu wa pwani hawatakuambia kwa sababu haliwahusu. Nakuru iko juu, kama mita 1,850. Maji ya chumvi ya nyuzi 25 pale Mombasa yanaweza kubeba oksijeni karibu miligramu 6.7 kwa lita. Huko kwako, kwa sababu hewa ni nyepesi, hayazidi kama 5.4. Samaki wa mwambani anaishi kwako akiwa na akiba ndogo tangu siku ya kwanza. Matamvua yakishaungua na amonia, akiba hiyo inaisha, na ndiyo maana amejibanza kwenye mdomo wa pampu: anatafuta pale maji yanapochanganyika na hewa. Stima ikipotea usiku kama inavyopotea, saa moja tu inaweza kutosha kumuua. Nunua ile pampu ndogo ya hewa ya betri.

Fanya hivi usiku huu. Elekeza pampu juu ili uso wa maji utikisike wote, na ongeza jiwe la hewa. Usimlishe, hata kidogo. Njaa ya siku mbili haimuui kangaja mzima, lakini chakula kinachooza kitamuua. Tafuta nyuma ya mawe kama kuna konokono aliyekufa au kipande cha chakula, ukitoe. Changanya maji mapya, gramu 35 za chumvi ya tangi la baharini kwa lita moja, si chumvi ya mezani, kwa maji yaliyotolewa klorini. Sodiamu thiosalfeti inaiondoa mara moja. Yazungushe kwa pampu usiku kucha, yapashe moto yafikie joto lile lile la tangi, hakikisha uzito wake ukilinganishwa na maji matupu ni 1.025 kama ya ndani, kisha asubuhi badilisha robo. Ikiwa kangaja ameanza kulala ubavu usingoje asubuhi: maji yakishayeyusha chumvi yote, yakawa maangavu na joto likalingana, yaingize polepole. Pima tena jioni, badilisha tena kama amonia bado ipo.

Sponji zirudishe kama zilivyo, ziko tayari kuanza upya. Ukipata mtu hapo Nakuru mwenye tangi la chumvi lenye afya, mwombe kipande cha sponji yake chafu, kadiri kilivyo chafu ndivyo kilivyo bora, ukiweke ndani ya filta yako. Lakini uliza kwanza kama tangi lake limewahi kutiwa shaba. Na siku nyingine ukiosha, osha nusu tu, ndani ya ndoo ya maji uliyoyatoa tangini.

Ukishapima, andika hapa: amonia, pH, joto, uzito wa chumvi, na kamba amekaaje. Niko macho mpaka usiku sana, nitajibu. Na ile pakiti ya mrututu mpe jirani mwenye ng'ombe.