Nimshukuru nani kwa chai ya alfajiri?

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa biolojia katika shule ya sekondari mkoani Iringa. Nina umri wa miaka 36, nimeolewa na nina watoto wawili. Nililelewa katika familia ya Kilutheri. Mama yangu ni mzee wa kanisa, nami niliimba sauti ya pili katika kwaya ya vijana hadi nilipoolewa. Kwa miaka kadhaa sasa siamini kwamba Mungu yupo. Hakuna aliyenikosea wala sikumkasirikia mtu. Imani iliisha polepole, na nilipoitafuta sikuiona. Tangu baba alipofariki mwaka jana, najiuliza ninaishi kwa ajili ya nini. Kinachonifurahisha ni vitu vidogo tu: chai ya alfajiri kabla watoto hawajaamka, mvua juu ya mabati, mahindi ya kuchoma mwezi wa Machi, mwanafunzi anapoona seli kwa mara ya kwanza kwenye hadubini. Naona aibu kusema kwamba hayo ndiyo maana ya maisha yangu. Tena kila nikifurahi, mdomo unataka kusema asante, nami sijui namwambia nani. Je, furaha kama hizi zinatosha? Na je, nimwambie mama?

JIBU: Marahaba, binti yangu.

Ni haki yako kujua anayekujibu ni nani. Mimi ni mtu wa kusali, na jina la Mungu halinitoki mdomoni tangu ninapoamka. Nalisema mapema ili usije ukadhani kwamba ninakuvuta kwa hila. Hukuniomba nikurudishe kanisani, nami sitafanya hivyo. Umeniuliza kama maisha ya mtu asiyeamini yanaweza kuwa na maana kwa furaha za kila siku, na hilo ndilo nitakalolijibu.

Kilichonigusa zaidi katika barua yako ni ile aibu. Umeyaorodhesha mambo manne mazuri, kisha ukayaomba radhi. Nadhani najua aibu hiyo imetoka wapi. Ulipokuwa ukisoma mafundisho ya kipaimara ulipewa jibu moja kubwa lililoenea kila mahali, kuanzia kuzaliwa hadi kuzikwa na baada ya kuzikwa. Jibu hilo lilipoondoka, nafasi yake ilibaki na ukubwa uleule, na sasa kila furaha unayoipata unaisimamisha katikati ya nafasi hiyo na kuiona ndogo. Hakuna kikombe cha chai kitakachoijaza, lakini hiyo si kasoro ya chai. Mimi naona kwamba swali lako limekosewa mahali pamoja tu, yaani pale linapodhani kwamba maana ya maisha ni lazima iwe kitu kimoja. Wazee wa kanisa ninaowafahamu, watu ambao imani yao haina mashaka hata kidogo, ukiwauliza siku yao ilikuwaje watakueleza habari za mjukuu aliyeanza kusimama dede na maharage yaliyotoa maua. Wao pia huishi kwa mambo hayohayo, ila hawayaonei aibu.

Tena huu si uzushi wa siku hizi. Huko Ugiriki, mwanafalsafa Epicurus, aliyezaliwa mwaka 341 kabla ya Kristo, aliishi na rafiki zake katika bustani karibu na mji wa Athens, akiwafundisha kwamba miungu, ingawa ipo, haijishughulishi na wanadamu, haiwaadhibu wala haiwazawadii, na kwa hiyo mtu hana budi kuyapanga maisha yake kwa furaha anazoweza kuzifikia. Maadui zake walimsingizia ulafi. Kumbe chakula chake kilikuwa mkate na maji, na imesimuliwa kwamba alimwandikia rafiki yake amletee chungu kidogo cha jibini ili siku akitaka kufanya karamu awe nacho. Katika bustani ile waliingia wanawake na hata watumwa, jambo lisilokuwa la kawaida wakati ule. Ninakutajia habari hizi kwa sababu Epicurus hakuziweka furaha ndogo peke yake: kati ya vyote vinavyoleta maisha mema, hakuna alichokipandisha juu kuliko urafiki. Nawe, binti yangu, katika barua yako yote sikuona jina la rafiki. Tutalirudia hilo.

Sasa nije kwenye swali la shukrani, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote uliyoyaandika. Mtu anayeamini, furaha ikimfika, anajua pa kuipeleka. Wewe inakufika na kukukwama kooni. Usiizuie, na usijilazimishe kuitaja kwa jina usiloliamini, bali ichunguze kama unavyowafundisha wanafunzi wako kuchunguza. Chukua hiyo chai. Kama ni majani ya Mufindi, kuna mtu aliyeingia shambani wakati ukungu haujainuka, akayachuma. Kuna waliokesha kiwandani wakiyakausha, kuna dereva aliyeyapakia, kuna mwenye duka la mtaani kwenu aliyekukopesha sukari mwezi ule mshahara ulipochelewa, kama wenye maduka wetu wafanyavyo. Kuna anayekuletea maziwa. Asante yako ina wenyewe wengi kuliko unavyodhani, na baadhi yao unakutana nao kila siku bila kuwaambia neno. Mwambie muuza maziwa kwamba maziwa yake ni mazuri. Mwambie mama anayechoma mahindi kwamba tangu asubuhi ulikuwa ukiyawaza mahindi yake. Watu wa Iringa hawana haraka ya salamu. Kamwene, ile salamu ya Kihehe, inayosemwa kwa kusimama inaweza kubeba shukrani nyingi.

Utaniuliza: na mvua je? Mvua haina wa kumshukuru, kwako wewe. Hapo sina ujanja wa kukupa. Lakini tazama la nne kati ya mambo uliyoyataja, lile la hadubini, kwa maana halifanani na mengine. Chai unaipokea, mvua unaipokea, mahindi unayapokea; lakini furaha ya yule mwanafunzi wewe ndiwe uliyeisababisha. Ulibandua ngozi nyembamba ya kitunguu, ukaidondoshea iodini, ukarekebisha lenzi, ukamwita mtoto anayesubiri zamu yake nyuma ya foleni ndefu, kwa sababu shule nyingi hazina hadubini za kutosha, naye akainama na kuona vyumba vilivyopangana, kila kimoja na kiini chake. Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alitazama kipande cha gamba la mti kwa hadubini na kuviita vyumba kama hivyo seli. Mshangao alioupata yeye, mtoto wa mkulima wa Kilolo anaupata leo kwa mkono wako. Hilo usiliite dogo mbele yangu. Basi shukrani isiyopata mpokeaji, ile ya mvua na ya mwanga wa alfajiri, ninakushauri uipeleke mbele: imtokee mtu mwingine kama furaha. Na kwa maoni yangu, furaha ndogo hugeuka kuwa maana hapo hasa, zinapoacha kuwa vitu unavyovikusanya peke yako na kuwa vitu vinavyopita kwako kwenda kwa wengine.

Kuna mazoezi ambayo yamejaribiwa, nawe kwa kuwa ni mtu wa sayansi utapenda kujua. Wanasaikolojia wawili wa Marekani, Robert Emmons na Michael McCullough, walichapisha mwaka 2003 matokeo ya utafiti ambamo kundi moja la wanafunzi wa chuo liliandika mara moja kwa wiki, kwa muda wa wiki 10, mambo yasiyozidi matano waliyoyaonea shukrani, na kundi jingine likaandika kero zao. Wale wa shukrani waliyaona maisha yao kuwa mema zaidi kuliko wale wa kero. Nunua daftari dogo, uandike kila Jumapili asubuhi saa ile wenzako wakiwa ibadani, kwa kuwa nina hakika saa hiyo ndiyo inayokuwa tupu kwako. Andika kwa undani. Usiandike “watoto wangu”. Andika alichokisema mtoto alipokuwa akivaa viatu. Mazoea huifuta furaha upesi sana, na kuiandika kwa undani ni njia ya kuyapinga.

Lakini sitakudanganya kwamba haya yanatosha kwa kila saa. Hayakutosha kwa msiba wa baba yako, na usiyadai kazi hiyo. Epicurus alifundisha kwamba tukiwapo sisi kifo hakipo, na kifo kikifika sisi hatupo. Mafundisho hayo huenda yakamsaidia mtu anayekiogopa kifo chake mwenyewe, lakini kwa binti aliyemzika baba sioni yanamfaa nini. Wanaoamini waliambiwa makaburini kwamba wataonana naye tena. Wewe ulisimama palepale ukiwa huna ahadi hiyo, na inawezekana kwamba huzuni yako ilikuwa nzito zaidi kwa sababu hukuweza kuisema. Unachoweza kukifanya ni kulia bila kujihukumu, na kumsimulia baba yako kwa watoto wako: alivyocheka, alivyokasirika, chakula alichokipenda, methali alizozirudia mpaka mkachoka. Na siku mvua itakapopiga mabati ukajikuta umefurahi, usijione msaliti.

Jambo moja la tahadhari. Ikiwa chai yenyewe imeanza kukosa ladha, usingizi umepotea, na siku nyingi mfululizo kwa wiki mbili au zaidi hakuna kinachokufurahisha, basi hilo si suala la falsafa wala la imani. Nenda hospitali ya mkoa ukaonane na daktari, umweleze kila kitu. Sonona hutibiwa, nayo huwapata wanaoamini na wasioamini.

Nilisema nitarudia habari ya rafiki. Nadhani ulichokipoteza kwa uchungu zaidi pale kanisani ni ile sauti ya pili: kusimama katikati ya watu, kusikia sauti ya tatu kulia kwako na ya kwanza kushoto, na kujua kwamba ukinyamaza wimbo utapungua. Kitu hicho mtu hawezi kukipata akiwa peke yake na kikombe. Sikushauri urudi kuimba maneno ambayo kwako si kweli, kwa sababu wenzako wanayaimba kama ushuhuda, nawe utarudi nyumbani ukiwa mpweke zaidi. Lakini shule yako bila shaka hufanya mahafali ya kidato cha nne, na mahafali hayana budi kuwa na nyimbo, mashairi na ngonjera. Omba upewe kwaya ya shule. Ingia pia katika kikoba cha mtaani kama hujaingia. Na msiba ukitokea kwa jirani, uwe wa kwanza kufika na ndoo ya maji na wa mwisho kuondoka jikoni. Wakati wa sala inamisha kichwa kwa heshima ya wafiwa, na hakuna atakayekudai zaidi ya hapo. Utu wetu haujawahi kumuuliza mtu cheti cha ubatizo kabla ya kumpa ungo wa kupepetea mchele.

Wala usidhani uko peke yako katika nchi hizi. Sensa za Tanzania hazijauliza dini ya mtu tangu ile ya mwaka 1967, lakini majirani zetu Wakenya waliuliza mwaka 2019, na watu 755,750 wakahesabiwa kuwa hawana dini. Katiba yetu nayo, katika ibara ya 19, inalinda uhuru wa mtu wa mawazo na imani, pamoja na uhuru wa kubadilisha imani yake. Hukuvunja sheria, na hukumkosea mtu.

Kuhusu mama, sikubaliani na wanaosema kwamba ukweli wote ni lazima utangazwe ili mtu awe mwaminifu. Mama yako amefiwa na mumewe mwaka jana, na yawezekana tumaini la kuonana naye ndilo linalomwamsha asubuhi. Huna wajibu wa kwenda kumketisha na kumweleza. Una wajibu wa kutomdanganya siku atakapokuuliza waziwazi kwa nini huji mezani pa Bwana, na siku hiyo mwambie kwa upole kwamba huamini tena kama zamani, kwamba hakuna aliyekupotosha, na kwamba malezi yake hayakupotea, kwani huruma unayowaonyesha wanafunzi wako uliiona kwake kwanza. Atalia, na huenda akakuletea mchungaji. Mpokee mchungaji kwa chai, msikilize, usibishane naye mbele ya mama.

Hukuniambia kama mume wako anajua. Kama hajui, aanze yeye, kwa kuwa si haki asikie kutoka kwa mama mkwe jambo ambalo limelala kitandani kwake kwa miaka. Chagua siku ambayo hamna ugomvi wala deni linalowasumbua, mkiwa mmetembea wawili tu, labda hadi kwenye mwamba wa Gangilonga, na umweleze kama ulivyonieleza mimi, ukianza na yale mambo manne yanayokufurahisha kabla ya kufika kwenye lile usiloliamini. Mweleze pia mtakavyowalea watoto, kama wataendelea kwenda Shule ya Jumapili au la, maana hilo ndilo atakalokuuliza kwanza, na ni vyema uwe umelifikiria. Akikujibu, niandikie alichosema, na uniambie pia kama mkuu wa shule amekupa hiyo kwaya.