Nembo Moja, Benki Mbili: Kwa Mnaofanya Biashara Kuvuka Mpaka

Ukianza biashara kati ya Tanzania na Kenya, kila mtu atakwambia ufungue akaunti kwenye benki iliyopo pande zote mbili, hela itatembea yenyewe. Mimi nanunua vitunguu Arusha na kuuza Nairobi, akaunti ninazo huku na kule, na ushauri huo naukubali nusu tu.

Historia inaeleza kwa nini. KCB, benki ya Kenya, mizizi yake ni tawi la National Bank of India lililofunguliwa Mombasa mwaka 1896. Serikali ya Kenya ilichukua asilimia 60 ya hisa mwaka 1970, na jina likawa Kenya Commercial Bank, yaani KCB. Tanzania Bara benki zilikuwa zimeshataifishwa mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, na benki binafsi zilisubiri hadi sheria ya 1991. Mlango ulipofunguka, KCB ikaingia mwaka 1997. Equity, nayo ya Kenya, iliyoanza mwaka 1984, ilivuka kwenda Uganda mwaka 2008 kwa kununua taasisi ya mikopo midogo iliyokuwepo tayari. CRDB ya Tanzania nayo ikaingia Burundi mwaka 2012.

Hazikuvuka kwa kufungua tawi tu. Ni kampuni tanzu, yaani kampuni inayojitegemea kisheria ila inamilikiwa na benki mama: leseni ya benki kuu ya nchi husika, mtaji wake, bodi yake, vitabu vyake. Ndiyo maana unasimama dirishani, keshia anaingiza namba yako ya upande wa pili, anatikisa kichwa: "Hii ni ya wenzetu, dada. Hapa siioni." Usimgombeze, kweli haioni.

Sasa, pesa inaliwa wapi? Si kwenye ada ya kutuma, hiyo imebandikwa ukutani. Inaliwa kwenye bei ya kubadilisha fedha, ambayo kwenye risiti haionekani kama makato. Kabla sijasaini, huwa namtaka keshia aniandikie kiasi kitakachofika, kwa shilingi za upande wa pili. Uliza pia kama wanapitishia kwenye dola. Wakifanya hivyo unabadilishiwa mara mbili, na kila mara wana chao. Mzigo ukiwa mkubwa, omba bei maalumu. Ipo, ila usipouliza hakuna atakayekutajia (na meneja akisema haiwezekani, mwambie unaenda kuuliza benki ya jirani).

Bima ya amana, ile inayokulipa benki ikifilisika, nayo ni ya kila nchi: Kenya inalipa hadi KSh 500,000 kwa mteja, Tanzania hadi TSh 7,500,000. Faida ya benki mama na tanzu zake zote kwa pamoja inayotangazwa kwa mbwembwe haikuhusu sana. Soma hesabu za robo mwaka za kampuni tanzu iliyoshika hela yako, huchapishwa magazetini.

Mkopo? Usidhani rekodi yako nzuri ya Arusha itakufuata yenyewe hadi Nairobi. Beba taarifa ya akaunti ya mwaka mzima, kila ukurasa umegongwa muhuri.