Kabla ya kusugua goti, mtazame anavyotembea

Kazi yangu ni mazoezi tiba, hapa Moshi. Mara kwa mara analetwa mzee ambaye goti limesuguliwa dawa za kila aina, kumbe mwenye shida ni nyonga. Maumivu ya nyonga yana tabia ya kusikika kwenye goti, kwa hiyo siwalaumu ndugu zake. Ila wangemtazama anavyotembea, wangeona.

Kaa nyuma yake, mwambie atembee taratibu. Tazama kiuno. Anapokanyaga mguu wa kulia, kiuno kikishuka upande wa kushoto, au kiwiliwili kikilalia kulia, misuli ya pembeni mwa nyonga ya kulia imelegea, au kiungo chenyewe kimelika. Misuli hiyo ndiyo inayoshikilia kiuno tukiwa juu ya mguu mmoja. Na tafadhali, mkongojo ushikwe mkono wa upande mzima! Wengi hushika upande unaouma. Bibi mmoja wa Kibosho alibadilisha mkono tu, akatoka mlangoni amenyooka.

Halafu sikiliza. Kandambili ikipiga "pa!" kila hatua, au mtu akinyanyua goti juu kama anavuka mfereji, unyayo umelegea mbele. Geuza kiatu: ncha ya soli imelika upande huo. Misuli ya mbele ya muundi haipati amri, pengine kwa sababu mshipa wa fahamu umebanwa mgongoni au pembeni, chini kidogo ya goti. Kwa mtoto, sindano iliyochomwa vibaya kwenye tako inaweza kuwa chanzo. Huyo mleteni mapema, kabla kifundo hakijakaza.

Anayesukuma paja kwa mkono kila akikanyaga, msuli wa mbele wa paja ni dhaifu. Anayezungusha mguu kwa nje bila kukunja goti, mara nyingi amepata kiharusi. Ikianza ghafla, hospitali saa hiyohiyo.

Kwa wenzetu wa upande wa Mlima Meru, mathalani Maji ya Chai, mtoto mwenye miguu iliyopinda msikimbilie mazoezi tu. Floridi ikizidi kwenye maji huharibu meno na mifupa pia, na kuchemsha hakuiondoi. Tafuteni kwanza maji mengine ya kunywa na kupikia.

Mkija kliniki, njooni na video ya simu, mliyompiga nyuma na ubavuni akitembea nyumbani. Mbele ya daktari watu hujikaza.