Msalaba wa punda na mtoto mweusi wa wazazi wa kijivu

Maswali ya safari hii yametoka Tabora na Kigoma, na karibu yote ni ya rangi ya punda. Tumeyafupisha.

Jike wangu ni wa kijivu, ana mstari mweusi kutoka shingoni hadi mkiani na mwingine unaukata mabegani. Dume wa jirani ni mweusi mtupu. Wazee wanasema asiye na msalaba ana mkosi. Yupi ndiye wa kawaida? (Nzega)

Wa asili ni huyo wako. Punda wa kufugwa ametokana na punda mwitu wa Afrika, yapata miaka 7,000 iliyopita, na punda mwitu wa Nubia alikuwa hivyohivyo: kijivu, mstari mgongoni, msalaba mabegani. Dume wa jirani ndiye aliyerithi badiliko. Mkosi haumo, na nguvu za kuvuta mkokoteni haziko kwenye rangi.

Wengi hudhani msalaba umechorwa juu ya kijivu. Mambo yako kinyume: kijivu ni weusi uliofifishwa, na msalaba ni mahali weusi ulipoachwa kama ulivyo. Jeni (kipande cha maelekezo ya urithi) inayofanya kazi hiyo huitwa TBX3. Kwenye shina la unywele wa ubavuni huzuia chembe za rangi zisikae upande mmoja, kwa hiyo unywele huota ukiwa na rangi upande mmoja tu. Ng'oa unywele wa ubavuni na mwingine wa kwenye mstari, mpe mwalimu wa baiolojia aikate kwa wembe vipande vyembamba na kuiweka kwenye hadubini. Wa mstari umejaa rangi duara zima. Wa ubavuni rangi yake imekaa kama mwezi mwandamo.

Uchunguzi wa jenomu za punda uliochapishwa mwaka 2020 ulikuta kwamba wale wasio na kijivu wamepungukiwa na herufi moja tu ya DNA karibu na jeni hiyo. Kwa hiyo msalaba wa punda mweusi haukufutwa. Umemezwa na weusi wenzake.

Ni kweli msalaba punda aliupata alipombeba Yesu kuingia Yerusalemu? (Kasulu)

Kama simulizi ya Jumapili ya Mitende ni nzuri na hatuna ugomvi nayo. Ila msalaba ulikuwapo kwa punda mwitu kabla binadamu hajamfunga kamba.

Dume wangu ni kijivu, jike ni kijivu, mtoto kazaliwa mweusi. Mume wangu anasema jike alipandwa na dume mwingine porini. Anaweza kuwa sahihi? (Kaliua)

Anaweza, lakini rangi peke yake haimpi ushahidi.

Kila punda ana nakala mbili za jeni hii, moja ya baba na moja ya mama. Tuite ya kijivu K, na ile iliyobadilika k. K moja inatosha kumfanya mnyama awe kijivu, kwa hiyo punda wa Kk humtofautishi kwa macho na wa KK. Dume wako akiwa Kk na jike naye Kk, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kutoa kk, yaani mtoto asiye na kijivu. Wala msijidanganye kwa uzao uliopita. Wazazi hao wakizaa watoto wanne, bado kuna karibu asilimia 32 kwamba wote wanne watakuwa kijivu, kisha wa tano ndiye anawaletea kesi nyumbani.

La kutilia shaka ni kinyume chake: wazazi wote wawili weusi, mtoto kijivu. Mzazi wa kk hana K ya kutoa. Hata hapo subirini kwanza. Mtoto wa punda huzaliwa na manyoya marefu yaliyofifia, na rangi yake ya kweli huonekana yakishanyonyoka. Kumhukumu akiwa na wiki tatu ni mapema mno.

Mkitaka kumjua baba, hesabuni siku. Mimba ya punda huchukua karibu miezi 12, na kufika 13 si ajabu. Kosa tunaloliona sana ni kuhesabu miezi 11 ya farasi, mtu akamsingizia dume aliyefika mwezi mmoja baadaye. Jingine: jike anaweza kuingia joto ndani ya wiki mbili baada ya kuzaa, wakati mwenyewe bado yuko kwenye furaha ya mtoto na hamfungi.

Na kama mnataka kujua dume wenu ni KK au Kk, mpandisheni kwa majike weusi. Akiwa Kk, nusu ya watoto hutarajiwa kuwa weusi. Akizaa nao watano, wote kijivu, uwezekano kwamba dume wa Kk angepita jaribio hilo kwa bahati ni 1 kati ya 32.

Punda wangu ana mistari miguuni kama pundamilia. Huku pundamilia wako karibu. Wamechanganyika? (Sikonge)

Hapana. Mistari ya miguuni ni urithi wa punda mwitu wenyewe. Yule wa Somalia anayo wazi kabisa. Punda ana kromosomu 62, pundamilia wa mbugani 44. Mchanganyiko wao ukitokea huwa tasa, kwa hiyo kama huyo wako ameshazaa, funga mjadala.

Juu ya msalaba kuna mabaka meupe. Mtoto wake atayarithi? (Igunga)

Yako pale yanapokaa matandiko au kamba? Basi ni makovu. Mgandamizo huua chembe za rangi kwenye shina la unywele, kidonda kikipona nywele huota nyeupe. Mtoto harithi kovu, ingawa akifungwa vibaya kama mama yake atapata la kwake.

Dawa iko kwenye vifaa. Nira ya ng'ombe usimpe punda: ng'ombe husukuma kwa nundu, punda husukuma kwa kifua. Mpe mkanda wa kifua wenye upana wa vidole vinne hivi, uliofunikwa kitambaa laini, ukae chini ya koo na juu ya kiungo cha bega. Ukipanda juu humkaba. Ukishuka humzuia kupiga hatua. Mgongoni weka mito miwili, mmoja kila upande, mfereji wa uti wa mgongo ubaki wazi katikati. Baada ya kazi pitisha kiganja: penye joto au uvimbe, kesho asifungwe.

Nauziwa farasi wa rangi ya mchanga mwenye mstari mgongoni. Muuzaji anasema watoto wake wote watakuwa hivyo. Nimwamini? (Kigoma)

Kabla ya rangi, fikiria mbung'o. Farasi hawavumilii nagana, ugonjwa anaoueneza mbung'o, na miombo ya huko inao.

Kuhusu rangi, farasi hutumia jeni ileile ya TBX3. Nakala zake huwa za aina tatu: D hufifisha mwili na kuacha mstari mkali, nd1 haififishi lakini huweza kuacha mstari hafifu, nd2 haiachi kitu. Farasi wa D na nd2 hutoa D kwa nusu tu ya watoto. Maneno ya muuzaji ni kweli akiwa D mbili, si vinginevyo.

Kwanza hakikisha mstari ni wa kweli. Msugue kwa brashi kavu, msimamishe juani, tazama ukiwa nyuma yake. Wa kweli una kingo kali na huingia hadi ndani ya mkia. Ule wa kivuli huyeyuka ubavuni. Kisha ng'oa, usikate, nywele 30 za mkia au za shingoni pamoja na mashina yake, maana DNA ya kupima iko kwenye shina. Ziweke kwenye bahasha ya karatasi. Kwenye nailoni hutoa unyevu na kuota ukungu. Andika jina la mnyama na tarehe, umpe daktari wa mifugo azitume kwenye maabara inayopima jeni za farasi. Malipo usitoe mpaka majibu yarudi.